Kupiga dawa ya magugu na mimba isiyoingia

Washauri wapendwa,

Nawasalimu kutoka Njoro, Kaunti ya Nakuru, Kenya. Nina miaka 34, nimeolewa, na tuna mtoto mmoja wa miaka 8. Huu ni msimu wangu wa nne wa kibarua cha kupiga dawa ya magugu kwenye mashamba ya watu. Tunalipwa kwa pampu, ile ya mgongoni ya lita 20, na siku ikiwa nzuri napiga 12 hadi 15. Machi tunaanza na glaifoseti kabla shamba halijalimwa. Mahindi yakishapandwa na kabla hayajaota, tunapiga ile yenye atrazini. Julai tunahamia kwenye ngano na 2,4-D.

Anayechanganya ni mimi, kwa sababu wenzangu wanasema mkono wangu haukosei. Napima kwa kifuniko cha chupa. Glavu hatupewi. Navaa gambuti, sketi, na leso kiunoni. Pampu inavuja kidogo kwenye mfuniko, kwa hiyo ikifika saa tano mgongo na leso vimelowa. Naoga jioni nikifika nyumbani. Baba watoto naye hupiga dawa, na nguo zake nafua mimi. Maji tunateka kwenye kisima kifupi kilicho kando ya shamba la mahindi.

Sindano ya miezi mitatu niliacha. Ya mwisho nilidungwa Novemba mwaka juzi, na tangu hapo tunatafuta mtoto wa pili. Zamani nilikuwa naona mwezi kila siku 28 hadi 30. Mwaka jana ulivurugika kabisa. Mwaka huu, kuanzia Aprili, unakuja baada ya siku 38, mara nyingine 45. Juni ulichelewa wiki 3, kisha ikatoka damu nyingi yenye mabonge na maumivu makali. Sikwenda hospitali. Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana: baada ya kumzaa huyu wa kwanza nilishikwa na homa na uchafu wenye harufu kwa karibu wiki 2, nikanunua vidonge dukani.

Mama mkwe anasema dawa imenichoma kizazi. Jirani ananiambia ninywe maziwa kila nikitoka shambani ili kuondoa sumu. Mwingine anauza dawa ya kusafisha kizazi. Kibarua hiki ndicho kinacholipa karo. Je, niache? Na nikiacha, mwili utarudi ama ndiyo basi?

Mpiga dawa, Njoro

*

Dada yetu wa Njoro,

Pole sana, na hasa kwa mwezi wa Juni, maana inaonekana uliupitia peke yako.

Kizazi chako hakijachomeka. Neno hilo tuliondoe mapema kwa sababu linakuumiza bure. Dawa hizi haziunguzi mji wa mimba jinsi asidi inavyounguza ngozi, na hakuna daktari atakayekupiga picha akute kovu lililoachwa na dawa ya magugu. Lakini mama mkwe hakukosea yote. Kazi hiyo, kwa namna unavyoifanya, ina sababu za kweli za kutiliwa shaka. Ndani ya barua yako pia mna mambo matatu ambayo hukuyauliza, nasi tunaona ni mazito kuliko pampu yenyewe. Tutayafikia.

Shaka hiyo inatoka kwa wanawake wa mashambani waliochunguzwa Marekani na Kanada. Mwaka 2003 watafiti wa Wisconsin walilinganisha wanawake 322 waliokuwa na tatizo la kushika mimba na wengine 322 waliokuwa wameshika. Kuchanganya na kupiga dawa za magugu ndani ya miaka 2 kabla ya kutafuta mimba kulionekana zaidi kwa wenye tatizo, kwa uwezekano wa mara 27. Takwimu hiyo ikisikika peke yake inatisha, kwa hiyo sikiliza na sehemu hii: waliofanya kazi hiyo walikuwa wachache mno, hata hesabu yenyewe ikasema ukweli unaweza kuwa popote kati ya karibu mara 2 na mara 380. Maana yake ni kwamba kuna kitu hapo, ila ukubwa wake haukupimika.

Utafiti wa pili unakugusa zaidi. Huko Iowa na North Carolina zaidi ya wanawake 3,000 wa miaka 21 hadi 40 waliulizwa kuhusu hedhi zao na dawa walizotumia shambani. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Waliotumia dawa zinazoshukiwa kuvuruga homoni, na atrazini ni mojawapo, walikuwa na uwezekano wa mara 1.6 hadi 2 wa kuwa na mzunguko mrefu, kuruka mwezi, au kutokwa na damu katikati ya mwezi. Na huko Ontario, Kanada, familia za wakulima zilizogusana na dawa za kundi la 2,4-D au la atrazini kabla ya mimba kutunga ziliripoti zaidi mimba zilizotoka kabla ya wiki 12. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionekana.

Tafiti hizi zinaonyesha mambo yanayoandamana. Hazithibitishi kwamba hili ndilo lililozaa lile, kwa sababu mkulima hagusi kemikali moja tu, na kazi ngumu, jua na lishe navyo vina mkono katika hedhi. Atrazini ndiyo ambayo njia yake inaeleweka vizuri zaidi. Ili yai litoke, ubongo huiamuru tezi ya pituitari imwage homoni ya LH kwa wingi katika muda mfupi. Kwa panya wa maabara waliopewa atrazini nyingi, wimbi hilo hufifia au huchelewa. Yai lisipotoka kwa wakati, hedhi nayo inasogea mbele. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini sokoni mwaka 2004, ingawa sababu ilikuwa kuingia kwake katika maji ya chini ya ardhi, siyo uzazi.

Sasa tuangalie mikono yako, maana hapo ndipo dawa inapoingilia. Watu wengi huogopa harufu na kufunga pua, kumbe kwa dawa hizi mlango mkubwa ni ngozi. Chukua glaifoseti ya gramu 480 kwa lita, ukitia mililita 150 kwenye pampu ya lita 20. Mililita 1 ikikumwagikia mkononi kabla ya kuchanganya imebeba dawa sawa na mililita 133 za maji yaliyo ndani ya pampu. Kwa hiyo wewe unayechanganyia kundi zima bila glavu unapata dawa nyingi zaidi kwa dakika chache kuliko mwenzako anayebeba pampu iliyochanganywa tayari. Wanakusifu kwa mkono usiokosea, na mkono huohuo ndio unaolipa.

Baada ya kuchanganya, kibaya zaidi ni ile leso iliyolowa. Nguo yenye unyevu wa dawa inayokaa mwilini toka saa tano hadi jioni, pamoja na jasho na joto, ni kama kitambaa cha kukandia. Ngozi ya kinena na sehemu za siri hupitisha kemikali kwa wepesi zaidi kuliko ngozi ya kiganja, na sketi haizuii kitu. Kuna jambo ambalo halisemwi kwenye mafunzo kwa sababu wakufunzi wengi ni wanaume: mikono yenye dawa ikienda msalani, au ikibadilisha pedi shambani, inapeleka dawa mahali inapoingia kwa haraka zaidi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kujisaidia, siyo baada tu. Weka pedi zako ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na chupa za dawa.

Huenda umewahi kuambiwa kwamba dawa fulani haina neno kwa sababu ukanda wa rangi chini ya lebo ni wa buluu au kijani. Nyekundu ndiyo kali, inafuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Rangi hizo zinapima kitu kimoja: dawa ikiingia mwilini leo, itakuua au kukulaza kwa kiasi gani. Hazisemi lolote kuhusu dozi ndogondogo za msimu mzima, wala homoni, wala mimba ya wiki 5. Ukanda wa kijani usiwe ruhusa ya kuvua glavu.

Unauliza kama mwili utarudi. Hapa tuna habari njema. Glaifoseti, 2,4-D na atrazini hazijifichi kwenye mafuta ya mwili kwa miaka kama DDT ya zamani. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Ndiyo sababu hata kipimo cha sumu ukipimwa Desemba hakitaonyesha ulichopiga Julai, na anayekuuzia kipimo hicho anakula pesa zako. Yai linalotoka mwezi huu, hata hivyo, lilianza hatua zake za mwisho za kukua kama miezi 3 iliyopita, na mbegu za kiume huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Kwa hiyo muda wa maana ni miezi 3 kamili bila kugusa dawa, wewe na baba watoto pamoja. Yeye asijione hayumo. Mwaka 1977 iligundulika kwamba wanaume waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, katika kiwanda kimoja cha California, walikuwa wamepungukiwa au kuishiwa mbegu kabisa. Siyo dawa mnayotumia ninyi, lakini ni ushahidi kwamba kemikali za shamba zinaweza kumwingilia mwanamume kimyakimya, bila kuumwa popote.

Basi jibu letu ni ndiyo, acha kuchanganya na kupiga dawa, kuanzia leo hadi utakapojifungua na kumaliza kunyonyesha. Tunajua karo haisubiri. Omba kazi nyingine kwenye mashamba hayohayo: kupanda, kuweka mbolea, kupalilia kwa jembe, kuchimba viazi. Usiingie shamba lililopigwa dawa siku hiyo hata kama ni kung'oa tu magugu yaliyobaki. Ngoja muda ulioandikwa kwenye lebo, na kama haukuandikwa ngoja angalau siku moja nzima na majani yawe yamekauka.

Sasa yale matatu.

La kwanza ni sindano. Baada ya sindano ya mwisho, wanawake wengi hukaa miezi 9 au 10 kabla ya kushika mimba, na wengine zaidi ya mwaka. Ya kwako ilikuwa Novemba mwaka juzi, kwa hiyo Machi hadi Julai ya mwaka jana ulikuwa na miezi 4 hadi 8 tu tangu udungwe. Kuvurugika kwa hedhi mwaka jana kunaelezwa vizuri na sindano, kwa hiyo usiilaumu atrazini kwa msimu huo. Mwaka huu ni tofauti. Ikipita miezi 16 na zaidi, ni vigumu sindano kuendelea kubeba lawama yote, kwa hiyo siku 38 na 45 zinahitaji kutafutiwa sababu.

La pili ni ile homa ya baada ya kujifungua. Umeiandika mwishoni kama kitu kidogo, sisi tungeiandika juu kabisa. Homa na uchafu wenye harufu kwa wiki 2, ukitibiwa kwa vidonge vya dukani, ni picha ya maambukizi yaliyopanda kwenye mji wa mimba, pengine hadi kwenye mirija. Katika nchi zetu mirija iliyoziba kwa maambukizi ya namna hiyo, au kwa klamidia na kisonono, ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za mwanamke aliyekwisha kuzaa kushindwa kushika tena. Dawa ya magugu haizibi mirija. Ukiacha pampu miaka 5 na mirija imeziba, hutashika. Hili ndilo linalotutia hofu mtu anapokwambia ni dawa tu: utaacha kazi, utasubiri, na miaka itapita.

La tatu ni baba watoto. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mimba zina tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mwanamke. Kuwa na mtoto wa miaka 8 hakumpi cheti. Kipimo chake ni rahisi kuliko chochote utakachofanyiwa wewe, kwa hiyo kianze.

Aende maabara akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Sampuli aitolee hukohuko. Akiitoa nyumbani Njoro, akapanda matatu hadi Nakuru mjini, akikutana na msongamano saa nzima inapita, mbegu zinakufa njiani, na atapewa majibu mabaya yasiyo yake. Asitumie kondomu ya kawaida kukusanyia, kwa sababu mafuta yake yanadhuru mbegu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Zikiwa chini ya hapo arudie baada ya miezi 3 bila kupiga dawa, kabla mtu yeyote hajamwandikia tiba.

Wewe una miaka 34 na umetafuta kwa miezi 21. Aliye chini ya miaka 35 huambiwa asubiri mwaka mmoja, aliyefika 35 miezi 6. Wewe umeshapita muda wa kungoja. Nenda hospitali ya kaunti, kliniki ya magonjwa ya wanawake, na uende na daftari lenye tarehe za hedhi zako za miezi 6 iliyopita, dawa ulizopiga na mwezi uliozipiga, na habari ya ile homa. Daktari asipouliza kuhusu kazi yako, mwambie wewe. Kwa mzunguko mrefu kama wako atataka kupima tezi ya shingo, homoni ya prolaktini, na kuangalia kwa altrasaundi kama ovari zina vifuko vingi vidogo, hali ambayo ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya hedhi kwenda mbali. Ukiwa na chunusi nyingi au ndevu kidevuni, ziseme.

Kuna kipimo kimoja kinachoharibika mara kwa mara. Ili kujua kama yai linatoka, hupimwa projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, na fomu nyingi huandikwa siku ya 21. Siku ya 21 ni ya mwanamke wa mzunguko wa siku 28. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwa mzunguko wa siku 42 yai lako linatoka karibu na siku ya 28, na projesteroni ipimwe siku ya 35. Ukipimwa siku ya 21 utaambiwa huna mayai yanayotoka, kumbe wakati haujafika. Hesabu hiyohiyo inahusu kukutana na mume: mkijibana na siku ya 14 mnapishana na yai kwa wiki 2. Kutaneni kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima, kalenda msiishike sana.

Mirija hukaguliwa kwa eksirei ya kupitisha dawa ya rangi, kati ya siku ya 7 na ya 10 ya mzunguko, damu ikiwa imekata. Huuma kama hedhi kali kwa dakika chache. Uliza kama utapewa kipimo cha klamidia au antibiotiki kabla, hasa kwa historia yako.

Kuhusu Juni, ni kweli inawezekana ilikuwa mimba changa iliyotoka, na inawezekana ilikuwa hedhi iliyochelewa tu ikaja na nguvu. Sasa haijulikani, na usijihukumu kwa sababu yake. Safari nyingine mwezi ukichelewa hata siku 7, pima mkojo asubuhi kabla hujavaa gambuti. Viungo vya mtoto hujengwa kati ya wiki ya 3 na ya 8 baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi bado hawajajua. Anza leo kumeza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, uendelee hadi mimba ifike wiki 12. Nesi wa kliniki ya wajawazito atakuelekeza.

Maziwa hayaondoi dawa. Iliyo kwenye ngozi huondolewa kwa maji na sabuni, na iliyokwisha kuingia hutolewa na figo. Inashangaza kidogo kwamba utafiti uleule wa Wisconsin uliona wanaokunywa glasi 3 au zaidi za maziwa kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na tatizo la uzazi, lakini hicho ni chakula cha kila siku, siyo dawa ya kuoshea. Kunywa kama unayapata. Hiyo dawa ya kusafisha kizazi iache kabisa, na hasa kama ni vidonge au vifundo vya mitishamba vya kuingiza ukeni. Kizazi hakina uchafu wa dawa ya magugu wa kusafishwa, na kuingiza vitu huko ndiyo njia ya kuleta maambukizi mengine kwenye mirija ambayo pengine tayari ina shida.

Nguo za kazi za baba watoto azifue mwenyewe. Tunalisema wazi maana tunajua litaleta maneno nyumbani. Zisichanganywe na za mtoto. Zisuuzwe kwanza, kisha zifuliwe mara 2 kwa sabuni na maji ya moto, zianikwe juani, na maji yamwagwe mbali na kisima na mboga. Gambuti zibaki nje.

Kisima hicho nacho kinatutia wasiwasi, kwa kuwa atrazini hushuka na maji ya mvua. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi kemikali. Kwa kupikia na kunywa tumieni maji ya mvua ya mabati, mkimwaga yale ya mwanzo ya kila mvua. Siku jirani akipiga dawa, toeni mfereji kwenye tangi. Msikimbilie kisima kirefu kwa haraka, maana visima vingi virefu vya Nakuru vina floridi nyingi.

Na baba watoto akiendelea na kazi baada ya ile miezi 3, na wenzako wanaobaki, wasomee hapa. Glavu ni za naitraili, mpira unaozuia kemikali, ndefu hadi karibu na kiwiko. Za hospitali hupitisha, za kitambaa hunyonya. Mkono wa shati ukae juu ya glavu na suruali nje ya gambuti, ili kinachotiririka kisiingie. Kabla ya dawa, tieni lita 5 za maji matupu kwenye pampu, mpige, mtazame mfuniko, mpira wa bomba na kitufe. Mara nyingi kinachovujisha mgongoni ni ile washa ya mpira ya mfuniko, kitu kidogo cha kubadilisha. Nozeli ikiziba isipulizwe kwa mdomo.

Kifuniko cha chupa kitupwe, tumieni kikombe chenye alama. Pimeni mita 10 kwa 10, mpige maji matupu kwa mwendo wenu. Yakienda lita 2, ekari moja itakula lita 81, yaani pampu 4. Lebo ikisema lita 1 kwa ekari, kila pampu inapata mililita 250, basi. Pigeni asubuhi upepo ukiwa mwepesi, ukitokea ubavuni, na msitembee ndani ya mstari mliotoka kuulowesha. Mkimaliza, jiosheni hapohapo shambani kwa lita 20 za maji na sabuni mlizobeba. Safari ya kurudi nyumbani na nguo mbichi ni saa nyingine ya kunyonya. Chupa tupu isuuzwe mara 3, maji ya kusuuza yarudi kwenye pampu, kisha itobolewe isije ikabebea maziwa. Glavu na ovaroli siyo hisani: Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. Muombeni mkiwa kundi, siyo mmoja mmoja.

Jambo la mwisho, likariri. Kwa kuwa mirija yako haijakaguliwa, mimba ikiingia inaweza kukwama humo. Kipimo kikisoma ndiyo, kisha ukahisi maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, hata kama damu ni matone tu, au ukasikia kizunguzungu na bega kuuma, usingoje asubuhi. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo, na useme mlangoni kwamba una mimba na tumbo linauma.

Washauri wako